Singapore, Michenzani na Hadithi ya Mwaka 1961

Kitu cha kwanza nilichokitambua Singapore ni nguo za kuanika. Nilikuwa nimejiandaa kuona majumba ya vioo ambayo kila mtu huyaona kwenye picha, na niliyaona, lakini baadaye. Teksi ilipotoka uwanja wa ndege wa Changi, jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, na kilichotokeza upande wa kulia wa barabara, nyuma ya miti mikubwa iliyotanda kama miavuli, kilikuwa safu baada ya safu ya majengo marefu ya zege, kila moja na namba yake kubwa iliyopakwa ubavuni. Kutoka kwenye madirisha ya ghorofa zote ilichomoza miti ya mianzi, na juu ya mianzi zilining'inia suruali za kazi, shuka, sare za shule na nepi.

Nikasema moyoni: hii si Michenzani hii?

Aliyewahi kushuka bandarini Unguja na kupita Ng'ambo atanielewa. Majengo yale marefu, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yalikusudiwa kumtoa Mzanzibari wa kawaida kwenye kibanda cha udongo na makuti na kumweka kwenye nyumba yenye maji ya bomba na umeme. Wageni huyadharau. Watalii huyapiga picha kama ajabu na kurudi haraka Mji Mkongwe. Na hapa, katika jiji ambalo viongozi wetu hulitaja kama Waislamu wanavyoitaja Makka, nilikuwa naangalia wazo lile lile, la miaka ile ile, isipokuwa hili limeendelea kujengwa na kupakwa rangi kwa zaidi ya miaka 60.

Siku ile ya kwanza masikio nayo yalipata mshangao wao. Katika stesheni za treni matangazo hutolewa kwa Kiingereza, Kichina, Kimalei na Kitamili, na Kimalei kiliniganda. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia nje ya msikiti alinisalimu: "Apa khabar?" Habari gani. Nilisimama nikacheka peke yangu. Kumbe wao nao wana waktu na dunia, wana sabun na kertas, na meja yao kama meza yetu imetoka kwa Wareno. Bahari ya Hindi iliwahi kuwa ua mmoja, na maneno yamebaki pale maji yalipopwa. Huo ni mjadala wa siku nyingine.

Jambo la tatu nililiona kabla sijafika hotelini, na halimo katika taarifa yoyote ya ziara ya mafunzo niliyowahi kuisoma. Katika barabara kuu yalipita malori madogo, na nyuma ya malori hayo walikaa vijana, magoti kifuani, wengine wamelala kwa kuegemeana. Ni vibarua wa ujenzi kutoka Bangladesh na India. Hawaishi kwenye yale majengo yenye nguo madirishani, bali kwenye mabweni yao pembezoni mwa kisiwa. Korona ilipoingia mwaka 2020, wengi mno wa waliopimwa na kukutwa na virusi walikuwa wakazi wa mabweni hayo. Nilifika nikiwa na macho mageni, nayo yaliliona lori kabla hayajazoea kutoliona.

Nilikuwa nimeitwa kwenye kongamano la siku tatu, nikaongeza siku nne kwa fedha zangu. Sababu ya kuongeza ilikuwa ni deni. Kwa zaidi ya miaka kumi nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na katika mhadhara wa wiki ya tatu nilikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa: MWAKA 1961 TANGANYIKA NA SINGAPORE ZILIKUWA SAWA. Ndugu msomaji, sentensi hiyo umewahi kuisikia. Husemwa bungeni, kwenye semina elekezi, kwenye mimbari, kwenye vijiwe vya kahawa. Wakenya wana ya kwao, na mara nyingi wao huitaja Korea Kusini. Baada yake hufuata swali: je, wenzetu walitoka, sisi tumekwama kwa nini? Na jibu huwa limekwisha kutayarishwa: uvivu, rushwa, Ujamaa, au ukosefu wa kiongozi mkali. Kila mmoja huchagua kulingana na chama chake.

Nami niliisema hadharani bila kuikagua. Mwanafunzi mmoja wa kike ndiye aliyeniuliza chanzo chake. Nilimjibu kwa mamlaka ya kiti nilichokalia, si kwa ushahidi, na usiku ule sikulala vizuri.

Tuanze na hesabu, maana haichukui muda. Takwimu za Benki ya Dunia kwa mwaka 1960 huiweka Singapore kwenye pato la takriban dola 430 kwa kila mtu. Kenya, iliyokuwa na uchumi mkubwa kuliko majirani zake wa Afrika Mashariki, ilikuwa karibu na dola 100. Tanganyika haikuwa mbele ya Kenya. Kwa hiyo mwaka huo mkazi wa Singapore alikuwa na zaidi ya mara nne ya kile alichokuwa nacho mtu wa kwetu, na hapo hatujagusa kile kilicholala nyuma ya fedha hizo. Bandari ya Singapore ilianzishwa na Waingereza mwaka 1819, na baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 ikawa kituo cha lazima kwa meli zilizokwenda China. Chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1905. Sisi shule yetu ya udaktari, ile iliyokuja kuwa Muhimbili, ilianza mwaka 1963, na chuo kikuu chetu kilipozaliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria.

Halafu kuna ukubwa. Unguja peke yake ni zaidi ya mara mbili ya Singapore. Serikali iliyokabidhiwa Tanganyika ilikabidhiwa nchi kubwa mara elfu moja na zaidi, wakulima waliotawanyika, na barabara chache. Iliyokabidhiwa Singapore ilipewa mji mmoja wenye watu kama milioni moja na laki sita, wengi wao wakiishi kwa mshahara au biashara.

Basi hatukuwa sawa. Lakini nisingependa msomaji aishie hapo na kupumua kwa faraja, kwa sababu nilipoanza kutembea niligundua kwamba umaskini wa Singapore ya wakati ule haukuwa wa kubuni.

Siku ya pili nilikwenda Bukit Ho Swee. Leo ni mtaa wa kawaida wa maghorofa, wazee wanacheza drafti ya Kichina kwenye uwazi wa chini ya jengo, ule ambao Wamalei huufanyia harusi na Wachina huufanyia matanga. Mwaka 1961 palikuwa kijiji cha mabanda ya mbao na paa za makuti na bati, kimebanana, hakina mabomba ya kutosha, watu wanafuga nguruwe na kuku kati ya nyumba. Tarehe 25 Mei mwaka huo, siku ya Idi ya kuchinja, moto ulizuka. Watu wanne walikufa, na takriban 16,000 walilala nje.

Dereva wa teksi aliyenipeleka, mzee wa Kichina aliyekaribia miaka 70, alikuwa mtoto siku hiyo. Alinieleza kwamba mama yake alibeba cherehani kichwani na yeye akabeba saa ya ukutani, na kwamba baba yake hakuwahi kuzoea ghorofa. Nguruwe wao sita walikufa. "Tulipewa nyumba," alisema, "lakini kwenye kibanda hatukulipa kodi kila mwezi." Nilimuuliza kama baba yake alishukuru. Akafikiri kidogo, akasema baba yake hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Muda ule ulikuwa mbaya kwa serikali ya Lee Kuan Yew. Mwezi mmoja kabla ya moto chama chake kilikuwa kimeshindwa uchaguzi mdogo wa Hong Lim, na mwezi Julai kikashindwa tena Anson. Katikati ya mwaka mrengo wake wa kushoto ulijitenga na kuunda Barisan Sosialis, ukaondoka na wanachama wengi. Serikali ingeweza kuanguka kwa kura chache. Bodi ya Nyumba na Maendeleo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Serikali ilitwaa eneo lililoungua, ikajenga maghorofa ya dharura, na kwa kipindi cha takriban mwaka mmoja familia zilizoungua zilikuwa zimepata mahali pa kuishi. Ndani ya miaka mitano ya kwanza Bodi ilijenga zaidi ya nyumba 50,000, wakati taasisi ya wakoloni iliyoitangulia ilijenga kama 23,000 katika miaka 32. Mwanahistoria Loh Kah Seng ameandika kitabu kizima juu ya moto huo, akionyesha kuwa hapo ndipo mkazi wa kibanda alipoanza kugeuzwa raia aliyeandikishwa, mwenye anwani, ankara na mwajiri.

Walijenga kwa kasi kwa sababu waliogopa kushindwa. Sisemi haya kuwakejeli. Nasema kwa kuwa katika semina zetu jambo hili huitwa "maono".

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi mara ya pili. Nilipokuwa chumbani jioni ile niliandika kwenye daftari miaka ya sheria za nchi mbili, kushoto zao, kulia zetu. Wao Bodi ya Nyumba mwaka 1960. Sisi Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Wao mfuko wa akiba wa wafanyakazi mwaka 1955. Sisi mwaka 1964. Wao Sheria ya Utwaaji Ardhi mwaka 1966. Sisi mwaka 1967, na kabla ya hapo, mwaka 1963, tulikuwa tumekwisha kuzifuta hati za umiliki wa kudumu na kuzigeuza za kupangishwa. Wao waliwaweka watu kizuizini bila mashtaka kwa sheria ya tangu enzi ya mkoloni. Sisi tulitunga yetu mwaka 1962. Yaani zana zilikuwa karibu zile zile. Anayedhani Singapore ilipona kwa soko huria asome sheria yao ya ardhi: ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1973, fidia iliweza kukokotolewa kwa bei za mwaka huo hata kama ardhi ingetwaliwa miaka mingi baadaye. Nasi tulitaifisha majumba mwaka 1971.

Kama zana zilifanana, tofauti ilitoka wapi? Nitataja mbili tu.

Ya kwanza ni mshahara. Mfuko wao wa akiba ulikusanya kutoka kwa watu walioajiriwa, na tangu mwaka 1968 mfanyakazi aliruhusiwa kutumia akiba yake kununua nyumba ya Bodi kwa hati ya miaka 99. Fedha ya mfanyakazi ilizunguka: kutoka kwa mwajiri hadi mfuko, kutoka mfuko hadi nyumba, na nyumba ikamfunga mfanyakazi kwenye ajira. Ili gurudumu hilo lizunguke lazima wengi wawe na mwajiri. Kwetu wenye mwajiri walikuwa wachache mno, hivyo Shirika la Nyumba lilijenga kwa fedha ya bajeti, na bajeti ilipobana, bomoa-na-jenga ya Magomeni na mitaa jirani ikafifia kabla muongo haujaisha. Tulikuja kupima viwanja Sinza na Kijitonyama kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kumwambia mwananchi ajijengee.

Ya pili ni kwamba Singapore haina shamba. Baada ya kutengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, walioweza kuhamia mjini walikuwa wale tu walioruhusiwa kuvuka mpaka. Dar es Salaam haina mpaka, na isingepaswa kuwa nao; kila mvua inapokosekana Dodoma au bei ya pamba inapoanguka Shinyanga, mtu mmoja zaidi hupanga chumba Manzese. Azimio la Arusha lilionya waziwazi kwamba miji isije ikawanyonya wakulima. Tulichagua kijiji. Mtu anaweza kuulaumu uchaguzi huo, nami nina lawama zangu hasa juu ya namna Operesheni Vijiji ilivyotekelezwa, lakini asiseme tulisahau kuchagua.

Nirudi kwenye vizuizi, maana hapa ndipo wapenzi wa "kiongozi mkali" hupenda kupita haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 1963 polisi waliwakamata watu zaidi ya 100, wakiwemo viongozi wa Barisan, wanavyama vya wafanyakazi na mhariri Said Zahari, ambaye hakutoka hadi mwaka 1979. Mwezi Septemba chama tawala kikashinda uchaguzi. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1981 hapakuwa na mpinzani hata mmoja bungeni. Sisi tulifika pale pale kwa mlango wa chama kimoja mwaka 1965.

Kati ya waliozuiliwa, mmoja hunirudia kichwani kila ninapoingia darasani. Chia Thye Poh alikuwa mbunge, na kabla ya hapo mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Nanyang. Alikamatwa mwaka 1966. Hakufikishwa mahakamani. Alitakiwa kukiri kuwa ni mkomunisti na kukana matumizi ya nguvu. Alikataa, akisema hawezi kukana kitu ambacho hakukifuata. Mwaka 1989 walimtoa gerezani na kumweka kwenye kisiwa kidogo cha Sentosa, na vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 1998. Sentosa leo ni mahali pa starehe. Nilipanda treni ya kwenda huko siku ya tano, nikatembea kati ya watoto wenye aiskrimu, nikitafuta kibao chochote chenye jina lake. Sikukiona.

Asubuhi ya mwisho nilikunywa kahawa ghorofani kwenye soko la Tiong Bahru, umbali wa kutembea kutoka pale moto ulipowaka. Kahawa yao ni nzito, huwekwa maziwa ya kopo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya hotelini. Vibanda vyote vina namba, bomba la maji na mahali pa kutupa taka. Hawa ni machinga wa Singapore. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha wachuuzi wote wa barabarani kisiwa kizima. Kuanzia mwaka 1971 ikaanza kujenga vituo, na kazi ya kuwahamisha ilikamilika mwaka 1986. Miaka 15. Vituo vilijengwa chini ya maghorofa na kando ya vituo vya basi, yaani pale ambapo mlaji anapita hata asipotaka. Mchuuzi alionyeshwa kibanda chake, ndipo akaondolewa barabarani, na kodi kwa kizazi kile cha kwanza iliwekwa chini.

Nimesoma taarifa za ziara za watumishi wetu waliokwenda kujifunza juu ya jambo hili. Zinasifu usafi, faini na nidhamu. Zina picha za vibanda. Miaka 15 haimo, wala kodi ya kibanda haimo. Kisha mwaka 2021 tuliona katika majiji yetu namna wachuuzi walivyoondolewa kwa tarehe ya mwisho iliyohesabiwa kwa wiki, wengine wakipelekwa kwenye maeneo ambayo mteja hapiti. Na katika mjadala wa siku zile nilisikia mtu mwenye dhamana akisema redioni, "Hata Singapore walifanya hivi."

Hapo ndipo hadithi ya mwaka 1961 inapokuwa na madhara. Ikiwa tulikuwa sawa, basi kilichotupungukia ni ukali tu, na ukali ni bidhaa rahisi: greda, mgambo na tangazo. Mama lishe analipa kwa sufuria zake kosa la mhadhiri aliyeandika sentensi bila kuikagua. Sidai kwamba mtu yule wa redioni aliitoa kwangu. Lakini alikuwa wa umri ambao ungemweka kwenye darasa langu, au la mwenzangu.

Yule dereva mzee alinirudisha uwanja wa ndege. Njiani aliniuliza kama kwetu watu wanamiliki nyumba zao. Nilimwambia wengi wanajenga wenyewe, chumba kimoja kwa mwaka, hata kwa miaka 20. Akatikisa kichwa kwa namna niliyoidhani ni huruma. Kisha akasema nyumba yake ya ghorofa ya kumi na moja imebakiza miaka 50 na kidogo kwenye hati, kwamba ikiisha itarudi serikalini, na kwamba mwanawe ameshaanza kumuuliza juu ya hilo. "Yako itabaki ya watoto wako?" aliuliza. Nikamjibu itabaki, kama barabara haitapita.

Ule ukurasa wa wiki ya tatu nimeufuta. Mahali pake nimeweka safu mbili za miaka nilizoziandika hotelini, bila kichwa cha habari, na muhula huu wanafunzi wataniambia wao wanaona nini. Yule aliyeniuliza chanzo amekwisha hitimu. Nimemwandikia barua pepe yenye jibu nililopaswa kumpa.